Mpiga Picha Naye Ahakikiwe: Juu ya Picha za Michoro ya Ukutani Ulaya

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kugombana juu ya hadithi simulizi iliyotiwa kitabuni. Huyu anasema imeokolewa, yule anasema imeuawa, maana fanani hayupo, hadhira haipo, na kile kiitikio kimebaki wino mkavu tu. Ugomvi huo huo upo katika sanaa ambayo hatuigusi sana katika kurasa hizi: picha za kamera zinazopigwa kwenye michoro na maandishi ya ukutani katika miji ya Ulaya. Wengi huzichukua kama ushahidi: ukuta ulikuwa hivi, basi. Mimi sikubali. Nadai kwamba mpiga picha ni mwandishi wa pili wa ukuta, na kama ni mwandishi, lazima naye ahakikiwe.

Tuanze na mkubwa wao, Brassaï. Jina lake la kuzaliwa ni Gyula Halász. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó, ambao leo uko Romania, na jina la usanii alilitoa kwenye mji huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 alizunguka vichochoro vya Paris akitafuta michoro iliyokwaruzwa ukutani: nyuso za matundu mawili na mdomo, mioyo, mafuvu, wanyama. Hakuwa mtu wa kupiga picha na kujiendea zake. Alikuwa na daftari la kuandikia mahali mchoro ulipo, na mingine aliirudia baada ya miaka ili aone mvua na mikono ya watu wengine imeifanya nini. Mwaka 1933 alitoa baadhi ya picha hizo katika jarida la Minotaure, mwaka 1956 zikaonyeshwa Museum of Modern Art, New York, na mwaka 1960 zikawa kitabu.

Kwa upande wa fani, Brassaï anatisha. Anasogea karibu na ukuta mpaka mtaa wenyewe unatoweka. Mwanga unaingia kwa ubavuni, kila mkwaruzo unapata kina na kivuli chake, na tundu dogo la lipu iliyobanduka linakuwa jicho linalokukodolea. Hutaona dirisha wala mpita njia. Ni wewe na uso ule. Sijaona mwingine aliyeweza kuufanya ukuta upumue namna ile kwa rangi nyeusi na nyeupe peke yake.

Maudhui je? Hapo ndipo tunapogombana. Makala yake ya 1933 inazungumzia safari ya kutoka ukuta wa pango hadi ukuta wa kiwanda, na sehemu moja ya kitabu chake imepewa jina la picha za watu wa kale. Sasa jamani, aliyekwaruza uso ule alikuwa mtu wa Paris ya karne ya 20, penda usipende. Alikuwa na mtaa wake, na pengine alimchungulia polisi kwanza ndipo akatoa kisu. Fremu imeyafuta yote hayo, na mtu wa mjini akageuzwa mtu wa pangoni. Msomaji wa Kiafrika hapa lazima aguswe, maana vinyago vyetu vilifanyiwa hivyo hivyo katika majumba ya makumbusho ya Paris hiyo hiyo: mwanga mzuri, jina la mchongaji hakuna. Simshtaki Brassaï kwa nia mbaya. Aliipenda michoro ile kweli, akataka iheshimiwe kama sanaa. Lakini heshima yenyewe imemtoa msanii katika wakati wake, na bei hiyo ni kubwa.

Ukuta wa Berlin hauruhusu mchezo huo, kwa sababu pale mahali ndipo penye maana. Miaka ya 1980 upande wa Magharibi ulijaa rangi. Mfaransa Thierry Noir alianza kuupaka mwaka 1984. Upande wa Mashariki ulikuwa mtupu, kwani raia hakuruhusiwa kuukaribia. Kwa hiyo hata weupe wa upande ule ulikuwa unasema kitu. Ukuta ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, haukupita mwaka kabla wasanii 118 kutoka nchi 21 hawajachora upande huo wa Mashariki, kipande cha mita 1,316 kinachoitwa East Side Gallery. Miongoni mwao alikuwepo Mrusi Dmitri Vrubel, aliyechora Brezhnev na Honecker wakibusiana midomo.

Mchoro huo ulitokana na picha ya kamera aliyoipiga Régis Bossu mwaka 1979. Yaani kamera ilitangulia, ukuta ukafuata, na sasa kila siku kamera za wageni zinaurudia tena. Picha ya Bossu ni ya habari: viongozi wawili wanasalimiana kwa desturi ya vyama vyao. Vrubel akaongeza maandishi, Kirusi juu na Kijerumani chini, dua ya mtu anayemwomba Mungu amwokoe na penzi linaloua. Maneno hayo ndiyo yanayomleta mtu wa tatu, yule aliyebanwa katikati ya kumbatio lile. Mpiga picha akikata maandishi ili apate nyuso tu, amembakishia mtazamaji kichekesho cha wazee wawili. Tena mwaka 2009 mchoro ulifutwa, Vrubel akauchora upya. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe haikwambii ni mchoro upi.

Aliyelijibu suala hili kwa vitendo ni Mwitalia anayejiita Blu. Huko Kreuzberg, Berlin, alikuwa na michoro miwili mikubwa, mmoja ukiwa wa mtu aliyefungwa mikono kwa saa za dhahabu kama pingu. Ilipigwa picha mno, ikawa sura ya mji, na wakati huo huo uwanja ulio mbele yake ulikuwa umepangiwa majengo mapya. Eti pingu za fedha ziwe pambo la kuuzia nyumba! Desemba 2014, kwa ridhaa yake, yote ikapakwa rangi nyeusi. Machi 2016 akafanya hivyo hivyo mjini Bologna, kwa rangi ya kijivu, kupinga maonyesho yaliyokuwa na michoro iliyobanduliwa kutoka kuta za mitaani.

Wapo waliolia kwamba zimebaki picha tu. Mimi nadhani Blu aliwaachia wapiga picha kazi ngumu kuliko ya kwanza. Picha za ukuta ule mweusi, zenye kiwanja mbele na majirani dirishani, zisomwe pamoja na zile za rangi, kwa tarehe zake. Ukizitenganisha, umeichana kazi katikati.