Nakala Inayosubiri Umeme Urudi

Kompyuta ya chama cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa tumbaku kule Kibondo huzimwa jioni pamoja na taa, kwenye swichi kuu. Mimi sikulizingatia hilo. Nilipoweka kazi ya kupeleka nakala rudufu za daftari la mizani kwenye seva iliyopo Dar es Salaam, niliipangia saa nane usiku kwa cron, programu inayoanzisha kazi saa yake ikifika. Wiki nzima halikwenda hata faili moja: cron haikumbuki kazi iliyopitwa na saa yake kompyuta ikiwa imezimwa.

Anacron hukumbuka. Huandika tarehe ya mara ya mwisho, na kompyuta ikiwashwa asubuhi hungoja dakika chache, kisha huanza. Lakini mtandao ukiwa haupo na kazi ikashindwa, tarehe huandikwa vilevile, kana kwamba kazi imefanyika. Kwa hiyo kazi ya kurudia tumeiweka ndani ya skripti yenyewe: rsync, programu inayosafirisha nakala hizo, ikikatika, ngoja dakika tano, jaribu tena.

Hadi 2022 Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, kisha zikaungwa kwenye Gridi ya Taifa. Nafuu ipo, tena kubwa. Ila umeme bado hukatika, na bando nalo huisha katikati ya kazi.

Hapo ndipo ninapoipenda rsync, iliyotolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Seva hulikata faili la jana vipande vipande, hupiga hesabu ya alama ya kila kipande na kuzituma Kibondo. Kompyuta ya Kibondo hulipitia faili la leo baiti kwa baiti ikitafuta vipande hivyohivyo. Katibu akimwingiza mkulima aliyesahaulika kwenye mstari wa tatu, mistari yote ya chini husogea, lakini vipande vyake hutambulika huko vilikosogea. Kinachosafiri ni ule mstari mpya na kipande kilichouzunguka. Faili la .xlsx halina bahati hiyo: ni kifurushi kilichobanwa, na badiliko dogo huweza kuvuruga sehemu kubwa yake. Ndiyo sababu daftari la mizani tunalitoa pia kama CSV.

Kwenye steshenari moja ya Kasulu inayochapa mitihani, ambako pia tunatumia rsync, hofu ilikuwa nyingine: mtu akifuta folda kwa makosa, seva isije ikaiga kosa hilo. Kila siku ina folda yake, na kwa chaguo la rsync liitwalo --link-dest faili lisilobadilika huunganishwa na lile la jana bila kuchukua nafasi ya pili kwenye diski. Folda huitwa "inaendelea" mpaka rsync imalize bila kosa. Ndipo hupewa tarehe. Umeme ukikatika, kesho yake kazi huendelea humohumo, ikijilinganisha na siku ya mwisho iliyokamilika.

Kila Ijumaa mwenye steshenari huvuta mtihani mmoja kutoka folda ya wiki iliyopita, akauchapa, akausoma ukurasa kwa ukurasa.