Wasindikizaji

Mpiga tarumbeta wa kijijini hupimwa msibani. Harusini kila mtu ni hodari: vigelegele vinafunika makosa, kina mama wanapunga khanga, na hata sauti ya tatu ikipotea njia hakuna wa kuuliza. Msibani hakuna pa kujificha. Jeneza linatoka sebuleni, watu wamenyamaza, bendi imejipanga kando ya migomba, na wimbo unaanza bila kipaza sauti wala kinanda. Noti ya kwanza ikitoka imepasuka, imeshasikika mpaka ng'ambo ya korongo.

Ninazisema bendi za matarumbeta za sharika za Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Machame, Old Moshi, Marangu na Mamba. Hazina jina kubwa. Hazitoi kanda, na mabango ya mjini hayazijui. Bendi ya namna hiyo ni watu kumi, pengine kumi na watano: fundi seremala, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye duka, wakulima wa kahawa, wanafunzi, na siku hizi wasichana wengi kuliko zamani. Hawa ndio wanaoupitisha mwaka wa kijiji, msiba kwa msiba na sikukuu kwa sikukuu. Nikiulizwa wanafanya nini hasa, sitasema wanapiga muziki. Wanasindikiza, na kusindikiza ni ufundi.

Uchagani mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, kwa hiyo bendi ndiyo inayokwenda nyumbani kwa wafiwa. Mpiga besi anapita na lile dude lake begani kwenye vijia vya migombani, anavuka mfongo, ule mfereji wa maji, anainama chini ya majani yaliyolowa. Ibada ikiisha na jeneza likishuka, ndipo kazi kubwa inaanza. Kufukia kaburi huchukua muda mrefu kuliko wimbo wowote ulioko kitabuni. Vijana wanapokezana majembe na makoleo, udongo unaporomoka, na wakati wote huo bendi haitakiwi kukaa kimya. Beti nne zinaisha, udongo haujafika hata nusu. Kiongozi anainua kidole kimoja: turudie. Wimbo unaofuata anautaja kwa namba, kwa sauti ya chini, na watu wanafunua vitabu huku mikono ina vumbi.

Hapo midomo inaanza kuchoka. Asiyewahi kupuliza tarumbeta hudhani kazi ni ya mapafu. Mapafu hayachoki haraka hivyo. Kinachochoka ni msuli mdogo unaozunguka mdomo, na ukishachoka hakuna ujasiri utakaousaidia, noti za juu zinakataa tu. "Mwalimu, midomo imekufa," kijana ananong'ona. "Basi pumzika ubeti huu, mwenzako achukue." Sauti ya kwanza inashikwa na watu wawili wanaopishana, ubeti kwa ubeti, na anayepumzika haoni haya kuteremsha chombo. Anayemwombea marehemu pembeni hatajua kwamba aliyeanza wimbo siye aliyeumaliza.

Kisha yanakuja mashada. Mwongoza shughuli anaita: watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, majirani, wafanyakazi wenzake. Kila kundi likiinuka bendi inapiga polepole, na kundi likishafika na kuweka shada bendi inatakiwa iishie mahali wimbo unapokubali kuishia, si katikati ya mstari kama redio iliyokatikiwa umeme. Katika dakika hizo kiongozi mzuri haangalii noti. Anaangalia miguu. Wajukuu wanakwenda mbio; bibi mwenye mkongojo anahitaji mstari mzima zaidi. Nimeona spika za kukodi zikijaribu kazi hii. Wimbo wa kwenye simu hauna habari na bibi, unamalizika naye bado yuko njiani.

Na kuna waimbaji wenyewe. Watu wenye majonzi huimba wakijivuta. Mstari wa pili unaanza wakati wengine bado wako wa kwanza. Bendi changa hupambana nao, inapiga kwa nguvu ili iwaburute. Bendi iliyokomaa inavuta pumzi pale waombolezaji wanapovuta, inawaachia mwisho wa mstari, halafu inawakusanya taratibu. Kwenye ubeti wa tatu wote wako pamoja, na kila mmoja anaamini ni yeye aliyeushika mwendo.

Chombo chenyewe ni bomba tu. Tarumbeta la kawaida likinyooshwa lina karibu mita moja na nusu. Besi kubwa inapita mita tano. Shaba haina sauti yake: midomo ndiyo inayotetemeka, na bomba linachagua ni mitetemo ipi ikue. Bomba lisilo na valvu lina ngazi yake ya asili yenye mapengo mengi, ile ya pembe za vita na za wawindaji. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walipewa hataza ya valvu huko Prussia, na mapengo yakazibika. Valvu ya kati inashusha sauti nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, ya tatu hatua na nusu, na kwa vidole vitatu tu ngazi yote ikapatikana. Kwa mtu wa kijijini maana yake ilikuwa kubwa. Seremala aliyemaliza kazi saa kumi na moja jioni aliweza sasa kujifunza sauti ya pili ya wimbo wa kanisani kwenye chombo kisichoogopa mvua wala kuhitaji fundi wa mbali.

Ndivyo ilivyokuwa kwanza huko huko Ujerumani. Mwaka 1843, katika eneo la Ravensberg, nchi ya wakulima na wafumaji wa kitani, kijiji cha Jöllenbeck kilipata bendi yake ya kanisa, na vijiji vya jirani vikafuata. Kutoka eneo hilo akatokea mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliyefanya kazi katika kituo cha kanisa cha Bethel. Kuhlo alitaka shaba iimbe kama koo la mwanadamu: isipige kelele za gwaride, isimeze maneno ya waimbaji. Akashikilia pia kwamba wapulizaji wasome noti kama zinavyosikika, kutoka kwenye kitabu kile kile cha waimbaji. Uamuzi huo wa mwisho unaonekana mdogo, nami nauona ndio wa busara kuliko yote. Mtu wa bendi hana haja ya kuandikiwa muziki wake peke yake. Anaufungua wimbo uleule walioufungua wenzake kwenye mabenchi. Ubaya wake ni kwamba kijana aliyefundwa hivyo, akiajiriwa bendi ya polisi au ya jeshi, anakuta "do" yake si "do" ya huko, na inabidi aanze upya.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wa Bethel walikuwa Usambara tangu 1891. Watu wa pwani hawakungoja wamisionari wawafundishe shaba. Walishaziona bendi za meli, za misheni na za Sultani wa Zanzibar, na kabla karne ya 19 haijafunga mlango Lamu na Mombasa zilikuwa na ngoma ya beni, yenye gwaride, sare na vyeo vya kifalme. Vita Kuu ya Kwanza ikaieneza bara pamoja na askari, na Tanganyika ikagawanyika kati ya vikundi viwili vya beni, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kwenye Ziwa Nyasa watu wa ngoma ya mganda, wasiopata shaba, walitengeneza matarumbeta kwa vibuyu, na wakapiga gwaride lao hivyo hivyo. Beni ilitaka kuonekana na kushinda. Mpinzani asipokuwepo haikuwa na ladha. Vikundi vya matarumbeta vinavyotangulia magari ya harusi Dar es Salaam, vimejazana nyuma ya pikapu na ngoma zao, naviona kuwa wajukuu wa beni kuliko wa kanisa, na navipenda kwa hilo. Kazi yao ni kuusimamisha mtaa. Bendi ya usharika inafanya kazi nyingine, ngumu zaidi kuisifu kwa sababu ikifanikiwa haionekani.

Mwaka wa bendi huanza kwa hasara. Januari wanafunzi waliochaguliwa shule za bweni wanaondoka, na aliyemaliza kidato cha nne anapanda basi la Dar kutafuta maisha. Sauti ya pili iliyojengwa kwa miaka mitatu inaondoka na begi moja. Mwalimu hanung'uniki, au ananung'unika nyumbani. Anachukua watoto wa darasa la tano, anawapa kile kipande cha kuwekea mdomo peke yake, bila bomba, na kwa wiki kadhaa nyuma ya kanisa panasikika kama zizi. Chombo chenyewe hawapewi mpaka waweze kushika noti moja bila kuyumba. Kisha wanafundishwa kazi za mikono: kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya bomba, kufuta shaba isiote ukijani, kutia valvu mafuta. Mafuta ya dukani yakikosekana, ya cherehani yanatumika. Bomba lililoachia kiungo hupelekwa kwa fundi anayejua kulehemu kwa risasi. Moto wa mchomelea mageti ungelimaliza. Vyombo vingi ni vya mtumba, vililetwa na sharika rafiki za Ujerumani, na kuna besi ambazo zimezika vizazi viwili.

Kwaresima harusi hazifungwi, na ni majira mazuri ya mazoezi kama masika haijaanza kupiga bati la kanisa mpaka msisikilizane. Yote yanaelekea alfajiri ya Pasaka. Wamoravian, ambao walifika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya kuipokea Pasaka makaburini kabla jua halijachomoza, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Mlimani kwetu bendi husimama mahali palipoinuka karibu na kanisa, gizani, na kupuliza kuelekea vijijini chini. Ubaya wa alfajiri ni baridi. Hewa baridi ndani ya bomba hushusha sauti, na vyombo havishuki kwa kipimo kimoja: tarumbeta dogo hupata joto haraka kwa pumzi ya mpigaji, besi inachelewa. Kwa hiyo kabla ya wimbo utawaona wamejikunyata, kila mmoja anapuliza pumzi ya kimya ndani ya chombo chake, wengine wamekikumbatia ndani ya koti. Mpiga besi amefika mapema kuliko wote. Wasipofanya hivyo, tangazo la ufufuo linatoka limepinda, na kijiji kizima kinaamkia kicheko.

Katikati ya mwaka ni kahawa. Mazoezi yanakuwa ya watu wanne, mara nyingine watatu, mikono imepata weusi wa maganda. Siku ya mavuno bendi inatangulia mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu, kisha inakaa pembeni mnada ukiendelea, na kwa hakika hakuna anayeisikiliza tena mpaka kuku wa mwisho amepata bei. Oktoba 31 ni siku ya Matengenezo, na wimbo wa Luther uliotoka katika Zaburi ya 46 unapigwa kwa sauti kuu. Vijana wanaupenda mno, maana ni mara moja kwa mwaka wanaporuhusiwa kupuliza wapendavyo. Mimi huona wanauharibu kwa nguvu. Wazee wa kanisa hawaoni hivyo.

Desemba watu wa mlimani wanarudi nyumbani. Magari yanapanda kutoka Dar na Arusha, vihamba vilivyofungwa mwaka mzima vinafunguliwa, na kila harusi iliyosubiri likizo inadai Jumamosi yake. Zipo siku bendi inatoka harusini, inabadilisha kitabu, inakwenda msibani. Malipo ni wali, soda, na bahasha ambayo mweka hazina ananunulia karatasi za kunakili nyimbo. Na katika zoezi la mwisho kabla ya Krismasi wanatokea wapulizaji wa zamani, wamevaa vizuri, wamenenepa kidogo: mhasibu, dereva wa lori, muuguzi. Kila mmoja anataka sauti ya kwanza aliyokuwa akipiga zamani. Mwalimu anawakaribisha kwa furaha ya kweli na kuwapa sauti ya tatu, karibu na besi, kwa sababu mdomo uliokaa mwaka bila kupuliza haufiki juu hata ukibembelezwa. Sauti ya kwanza anayo binti wa darasa la saba. Mhasibu anakaa alipoelekezwa, anapiga ubeti mmoja, anainama na kumuuliza binti huyo ni wapi siku hizi wanavuta pumzi. Binti anachukua penseli na kumwekea alama kwenye karatasi yake. "Hapa, kaka, si pale. Pale wazee wanakuwa hawajamaliza kuimba."