Kuuza Mchoro Wako kwa Mkono Wako

Kuchora katuni ni kazi ya kujifungia. Kuiuza ni kazi ya kujitokeza usemwe. Ya kwanza imesifiwa vya kutosha. Mimi naisifu ya pili, hasa inavyofanywa na vijana wetu wa Kasense, Sumbawanga, siku za bonanza, wanapopanga meza zao za michoro kati ya muuza mishikaki na muuza mitumba.

Ustadi wa muuzaji huonekana kabla hajafungua mdomo. Huku Ufipa tuko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hauna simile na karatasi. Asiyejua kazi hushinda akikimbiza michoro yake uwanjani. Anayejua amefunga kamba mbili, amening'iniza picha kubwa kwa vibanio vya nguo, na kila rundo la vijitabu amelikandamiza kwa jiwe. Vya bei ndogo viko mbele, mkono wa mtoto unapofika. Bei ameiandika kwa kalamu nene, maana wateja wengi hapa wana haya: mtu akishauliza bei hujiona ana deni.

Kijitabu chenyewe ni karatasi moja ya A4. Ikunje mara tatu upate vipande vinane, ikunjue, pasua mkunjo wa katikati kwa mkasi bila kufika kingoni, kisha ikunje upya: kurasa nane, bila pini wala gundi. Kutoa kopi ni shilingi 100, kijitabu kinauzwa 500. Na muuzaji mzuri anajua kalenda ya shamba. Februari watu wako kwenye palizi na debe la mahindi limepanda. Hapo hauzi, anachora. Meza anaitoa mahindi yakishavunwa na kuuzwa, mzazi anapoweza kumpa mtoto mia tano asiulize ya nini.

Lakini kupanga meza na kuhesabu chenji hujifunza kila mchuuzi. Kinachonifanya nimvulie kofia mchoraji anayeuza mwenyewe ni masikio yake.

Nilimwona mmoja akijiwa na mgeni, dereva wa lori kwa sauti yake ya juu. "Mdogo wangu, Sumbawanga yote hii huna wachawi?" Swali hilo tumelizoea, Tanzania nzima inatutania kwa radi za kutumwa. Kijana hakununa. Akampa kijitabu: mchawi anatuma radi kwa adui yake, radi inazunguka mji mzima, mwisho inasimama kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza namba ya nyumba. Dereva alicheka hadi akaegemea meza. Alinunua viwili.

Nyuma yake alisimama mama mmoja, kitenge mabegani, akitazama picha ya mwanamke shambani. Hakununua. "Huyu mwanangu hajawahi kulima," alisema. "Jembe halishikwi hivyo, atajikata mguu." Kijana alimwamkia, akamwomba aonyeshe. Mama akashika mpini hewani, mkono mmoja juu, mwingine chini, mgongo ukainama. Kijana alichora palepale nyuma ya bahasha. Hakuna mhariri angempa somo lile, na halikumgharimu chochote ila kutojitetea.

Kisha akaja mwenye pesa. Alitaka achorewe jirani yake, mzee anayejulikana mtaani, akiwa juu ya ungo, jina lake chini. Alitoa noti ya elfu kumi. Hiyo ni vijitabu ishirini. Kijana aliirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Hiyo siyo katuni, baba." Alikuwa sahihi. Katika nchi hii watu wameuawa, wengi wao akina mama wazee, kwa tuhuma zilizoanza kama mnong'ono. Mchawi asiye na jina anachekesha. Ukimpa jina la jirani, umempa mtu panga. Hapo ndipo niliiona sanaa yenyewe: kumsikia kila anayesimama mbele yako, bila kumtii kila mmoja.

Edward Saidi Tingatinga aliijua sanaa hiyo. Mzaliwa huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, wageni walikofanya manunuzi. Vipande vidogo vya mraba vilimfaa msafiri wa kufunga mizigo, na wanyama walimfaa mgeni. Hayo soko lilidai, naye akasikia. Ila namna ya kumweka chui peke yake katikati ya rangi moja tupu ilikuwa yake. Aliuawa mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendelea kuuza hadi jina lake likawa jina la mtindo mzima. Mchora katuni Christian Gregory, aliyemchora mhusika Chakubanga katika gazeti la Uhuru, alipendwa nchi nzima, lakini wengi wa waliocheka walichekea mbali na meza yake, asikoweza kuwasikia.

Meza ndogo hazidharauliki. Tokyo, Desemba 1975, soko la katuni la Comiket lilianza na vikundi 32 vya wachoraji na watu kama 700. Leo linakusanya mamia ya maelfu. Waandaaji wake huwahesabu wauzaji na wanunuzi, wote, kuwa washiriki. Nairobi nayo ina tamasha lake, NAICCON. Sisi tunao washiriki tayari: yule mama aliyeshika jembe hewani alishiriki kuliko wengi waliolipa. Kinachokosekana ni nafasi. Kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu, pale John Mwakangale, Mbeya, mbegu zina banda na trekta zina uwanja; safu moja ya meza za wachoraji isingemnyima mtu kivuli.

Na wapewe nafasi wauze, wasigawe bure. Kutaja bei ya kazi yako bila kuomba radhi ni fundisho gumu kuliko kuchora mkono, na kijana wa Kasense ameshafuzu. Bibi mmoja alikigeuzageuza kile kijitabu cha radi, akakipima uzito kiganjani. "Mia tano, mjukuu wangu? Si karatasi tu hii?"

"Karatasi ni mia, bibi," alijibu. "Mia nne ni za mchawi."

Bibi alifungua fundo la kanga, akalipa.