Alama na Mtu: Mvuto wa Michezo ya Kompyuta ya Kusimamia Makao

UTANGULIZI

Mhakiki wa fasihi amezoea kuiuliza kazi ya sanaa maswali mawili: inasema nini, na inalisemaje jambo hilo. Maswali hayo hayajaulizwa vya kutosha kuhusu michezo ya kompyuta, pengine kwa sababu wengi huihesabu kuwa burudani ya vijana isiyostahili kujadiliwa na wasomi wa lugha. Walakini ipo aina moja ya michezo hiyo ambayo mtu anayeshughulikia masimulizi hana budi kuitazama. Katika aina hii mchezaji hukabidhiwa kikundi kidogo cha watu waliofika katika nchi ngeni, naye huwatafutia chakula, malazi, kazi na ulinzi. Picha anazopewa ni hafifu mno: mahali pengine ni herufi tu, na mahali pengine ni vikaragosi visivyo na mikono wala miguu.

Kinachostaajabisha ni kwamba, katika zama ambazo kompyuta yaweza kuchora uso wa mtu hata jasho likaonekana, watu wazima hukesha wakizitazama alama hizo. Makala haya yanadai kwamba mvuto wake hautokani na picha kuwa hafifu, bali unatokana na kazi ambayo uhafifu huo humwachia mchezaji. Alama isiyo na uso humtaka mchezaji achague: aisome kama hesabu, au aisimulie kama mtu. Uzuri wa michezo hii na hatari yake vyote viwili vimo katika uchaguzi huo.

KAZI ZINAZOHAKIKIWA

Mifano miwili itatosha. Wa kwanza ni Dwarf Fortress, uliotungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams. Walianza kuutunga mwaka 2002, na toleo la kwanza likawafikia watu mwezi wa Agosti 2006. Mchezaji huanza na vibete saba, wa namna ile ya hadithi za kale za Ulaya ya Kaskazini, wakiwa na mkokoteni na vifaa vichache, nao huchimba mlima ili wajenge ngome. Kabla ya hapo kompyuta huwa imeiumba dunia nzima pamoja na historia ya mamia ya miaka: falme, vita, vizazi na vifo. Dunia hiyo yote, katika umbo lake la kwanza, ilionyeshwa kwa alama za maandishi za kompyuta za kale. Kibete ni uso mdogo wenye tabasamu, paka ni herufi c, na tembo ni E.

Mfano wa pili ni RimWorld, uliotungwa na Tynan Sylvester na kampuni yake ya Ludeon Studios ya Kanada. Toleo lake lililokamilika lilitoka Oktoba 2018. Katika masharti yake ya kawaida, watu watatu walionusurika katika ajali ya chombo cha angani hujikuta katika sayari ya mbali. Huchorwa kichwa na kiwiliwili tu. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni kwamba programu inayopanga misiba na neema za mchezo huitwa, katika mchezo wenyewe, msimulizi. Wapo wasimulizi watatu wa kuchaguliwa: mmoja hupandisha matata hatua kwa hatua, wa pili hutoa nafasi ndefu za kupumua, na wa tatu hatabiriki kabisa. Ni wazi kwamba mtungaji aliikusudia kazi yake iwe chombo cha kuzalisha hadithi.

FANI: PENGO LA PICHA NA KAZI YA NENO

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kwenda mbali ili aelewe jinsi alama hafifu inavyoweza kubeba mchezo mzito. Kete za bao ni komwe tu. Zipo 64, zimegawanywa katika mashimo 32, na hakuna hata moja iliyochongwa sura. Hata hivyo wachezaji husema kwamba kete zinakula, kwamba mtu anatakata, na kwamba shimo fulani ni nyumba. Neno ndilo lililoyapa mashimo hayo uhai. Lakini komwe moja haitofautiani na nyingine, wala haikumbuki ilikotoka. Mchezo ukiisha, hakuna kete inayoliliwa.

Hapo ndipo kazi zinazohakikiwa zinapoachana na bao. Ule uso mdogo wa kibete una jina, wazazi, ufundi anaoujua, vyakula anavyovipenda na kumbukumbu ya aliyoyaona. Mchezaji akiiamuru kompyuta impe habari za kibete huyo, hupata maelezo ya maandishi: kwamba alifurahi juzi alipokula katika ukumbi mzuri, na kwamba bado anaumia kwa kifo cha rafiki yake. Wachongaji wa ngome huchora ukutani matukio ya historia ya ngome yenyewe, na mchezaji huyapata machoro hayo kwa maneno, si kwa picha. Hali kadhalika, fundi aweza kupandwa na wazimu wa usanii, akakitwaa kiwanda na kudai malighafi fulani. Akizipata hutengeneza kitu cha ajabu chenye jina lake. Akizikosa huharibikiwa na akili. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililochorwa. Yote yamesemwa tu, na mchezaji huyaona moyoni.

Mambo ya namna hiyo ndiyo yale yale yanayotendeka katika ngano. Fanani akisema kwamba zimwi lilitoka msituni, halichori. Kila mtu katika hadhira hujiumbia zimwi lake, na aghalabu zimwi hilo huwa la kutisha kuliko lolote ambalo mchoraji angeliweza kulitia rangi. Tofauti ni kwamba mbele ya skrini mtu yule yule huwa hadhira na fanani kwa wakati mmoja. Kompyuta humletea matukio. Yeye ndiye anayeyapa sababu, mfuatano na maana.

Mfano mmoja wa mwaka 2015 waonyesha jambo hili vizuri. Baada ya vilabu vya pombe kuongezwa katika Dwarf Fortress, paka walianza kufa ovyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba pombe iliyomwagika sakafuni iliwashika miguuni. Walipojilamba ili wajisafishe, mchezo ulihesabu kwamba kila mmoja amekunywa kikombe kizima. Hakuna mtu aliyetunga kisa cha paka walevi. Sheria ndogo za unyevu, usafi na ulevi zilikutana, na kisa kikazaliwa. Hata hivyo kisa hicho kingalibaki hesabu tupu kama asingalikuwapo mtu wa kushangaa, kucheka na kuwasimulia wenzake.

Wachezaji wenyewe wamethibitisha kwamba wanachokivuna humo ni masimulizi. Kisa kinachojulikana kwa jina la Boatmurdered kiliandikwa kati ya 2006 na 2007 na wachezaji waliopokezana ngome moja, kila mmoja akiitawala kwa mwaka mmoja wa mchezo na kuandika habari za utawala wake. Humo mna tembo wanaowaua vibete bila kukoma, mtambo wa kumwaga lava juu ya maadui, na mwisho wa moto na wazimu. Kila mtawala aliyeingia aliwalaumu waliomtangulia. Aliyezoea kusoma tarehe za miji ya pwani, pamoja na ugomvi wa watawala wake, hatauona muundo huo kuwa mgeni.

HOJA YA KUPINGA

Yapo madai yanayoweza kuletwa dhidi ya maelezo haya. Mnamo tarehe 6 Desemba 2022, Dwarf Fortress ilitolewa kwa umbo jipya lenye picha ndogo za rangi, nayo ikauzwa mamia ya maelfu ya nakala katika muda wa wiki chache. Toleo la alama za maandishi lilikuwa limetolewa bure kwa miaka 16, na watungaji waliishi kwa michango ya waliolipenda. Je, mauzo hayo hayaonyeshi kwamba watu walitaka picha muda wote huo?

Ni kweli kwamba zile alama zilikuwa pia kizuizi. Mtu alihitaji kujifunza kuzisoma kama anayejifunza hati ngeni, na wengi walichoka mapema. Hapana fahari katika ugumu kwa ajili ya ugumu, na mhakiki asiyatukuze mashaka ya mwanzo kana kwamba ndiyo sanaa yenyewe. Lakini picha mpya nazo ni ndogo na chache. Zinamwonyesha kibete mwenye ndevu na kofia. Hazionyeshi kwamba anamlilia rafiki. Majonzi yake bado yanasomwa kwa maneno. Yaliyoongezwa yamemwezesha mgeni kuingia mlangoni, lakini pengo ambalo mchezaji hulijaza halikuzibwa. Kwa hiyo mauzo hayo hayaivunji hoja ya makala haya; yanaisahihisha. Picha haidhuru masimulizi mpaka pale inapodai kuyasema yote.

MAUDHUI: KOLONI NA KIPANDE

Uhakiki ungekomea hapo kama fani ingekuwa kila kitu. Lakini Kiingereza huiita michezo hii kwa jina la koloni, na neno hilo haliwezi kupita Kenya bila kusimamishwa. Nchi hii iliitwa koloni tangu 1920 hadi 1963. Makala haya yametumia neno makao, ambalo lina upole zaidi. Lakini tafsiri ya upole isifiche jambo. Mchezaji huitazama nchi kutoka juu, huigawa kwa mistari, na huona ndani yake mbao, mawe na mashamba yajayo. Wakazi wengine wapo, lakini hufika kwenye skrini wakiwa wafanyabiashara, wageni au wavamizi. Ni nadra kwao kufika wakiwa watu wenye haki ya kuulizwa.

Lipo pia suala la orodha. Kila mtu wa RimWorld ana ukurasa unaoonyesha jina, umri, ustadi, afya na kazi aliyopangiwa. Msomaji wa Kenya atakumbuka kipande, kile cheti kilichotokana na sheria ya 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba kikiwa na jina lake, alama za vidole na habari za waajiri wake. Kipande kilimjua mtu kwa kadiri ya kazi aliyoweza kutoa. Ukurasa wa mchezo nao waweza kusomwa hivyo hivyo. RimWorld humruhusu mchezaji kumtoa mateka figo na kuiuza, na wapo wanaofanya hivyo bila kutetereka, kwa kuwa aliyeko mezani ni kikaragosi kisicho na mikono. Uhafifu uliomfungulia mchezaji mmoja mlango wa huruma umemfungia mwingine mlango huo huo.

Haki inataka isemwe kwamba mchezo wenyewe haukukaa kimya. Mateka akifanyiwa hivyo, wakazi wenzake na mchezaji huvunjika moyo, isipokuwa wale walioumbwa bila huruma, na huzuni yao huandikwa katika kurasa zao. Walakini huzuni hiyo nayo imegeuzwa nambari, na nambari huweza kufidiwa kwa chakula kizuri na chumba chenye mapambo. Huo ndio upungufu mkubwa wa kimaudhui katika kazi hii: dhambi ina bei, na bei hulipika.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba michezo ya kusimamia makao huvutia kwa sababu humwachia mchezaji sehemu kubwa ya kazi ya msimulizi. Alama humpa jina na tukio. Uso, sauti na maana huvitoa yeye. Katika hilo ina udugu na ngano zaidi kuliko na filamu, nayo yastahili kusomwa na wataalamu wa fasihi simulizi, hasa visa ambavyo wachezaji husimuliana baada ya ngome zao kuanguka.

Lakini ni kosa kudhani kwamba mawazo ya mchezaji, yakiachiwa nafasi, yatajaa utu yenyewe. Afisa aliyejaza kipande naye alikuwa na jina la mtu mbele yake, na mahali pa kuandika. Alichokosa ni nia ya kuuliza habari zaidi ya zile zilizotakiwa na fomu. Mchezaji anayeisimamisha saa ya mchezo ili asome ni nani huyu aliyekufa, na alimpenda nani, ameuliza. Asiyesimama amesimamia koloni tu.