Sikio la Mkunga

Katika wodi ya uzazi kuna kifaa kimoja kisicho na betri, waya wala taa. Ni pembe fupi ya mti, alumini au plastiki, inayoingia mfukoni mwa sare bila shida. Upande wa kikombe hukaa juu ya tumbo la mama, upande bapa hupokea sikio. Wanafunzi wa uuguzi huiita fetoskopu. Vitabuni inaitwa pembe ya Pinard, kwa jina la Adolphe Pinard, daktari Mfaransa aliyeitengeneza mwaka 1895. Tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana. Nataka kuusifu ufundi wa kuitumia, kwa sababu ndio ulionionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na furaha ya kweli akiwa bado mwanafunzi, kabla ya kofia na joho, kabla ya mshahara wa kwanza.

Nilisomea Embu na nikapanga Dallas. Dallas yetu ni mtaa wa nyumba zilizobanana, chumba kimoja kimoja, kamba za nguo zikipita juu ya ua na mitungi ya maji ikiwa imepangwa mlangoni. Hapo wanakaa waendesha bodaboda, vibarua wa mjengo, kina mama wanaouza mboga na muguka, na wanafunzi waliokosa nafasi bwenini au walioona afadhali wachangie kodi watatu watatu. Alfajiri, kabla mawingu hayajaushika Mlima Kenya, vilele vyake huonekana wazi kutoka mjini, na wakati huo huo utawaona wanafunzi wa zamu ya asubuhi wakishika njia kwenda hospitali, sare zimepigwa pasi, viatu vyeupe au vyeusi vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa usiku mvua ilinyesha.

Mwambie mtu yeyote kwamba unasomea uuguzi, ukunga au utabibu, naye atakupa pole kabla ya kukupa hongera. Atakuambia uvumilie, kwani mvumilivu hula mbivu. Nilikuwa nikiitikia kwa heshima, lakini sikukubaliana na namna methali hiyo inavyotumiwa kwetu. Inamfanya kijana aione miaka mitatu au sita ya ujana wake kama foleni tu, mlango uko mbele, na yeye kazi yake ni kusimama asianguke. Nimewaona waliosoma hivyo. Walipofika mlangoni walikuwa wamechoka kiasi cha kutoutambua, na wengine waliingia kazini wakiendelea kungoja: wangoje uhamisho, wangoje likizo, wangoje kustaafu. Uchovu wa masomo haya ni wa kweli, karo ni ya kweli, na usiku wa kulala kwa saa tatu tu ni wa kweli pia. Ninachosema ni kwamba mbivu nyingine huiva njiani, na asiyezichuma hapo hazimngojei.

Tuanze na mikono. Mwanafunzi ananawa, kisha anasugua viganja mpaka vipate joto. Julai Embu ni ya ukungu na baridi, na mkono wa baridi hulikaza tumbo likakataa kusema kitu. Anamwomba mama ruhusa, anamweleza anachotaka kufanya, anamfunika sehemu zisizohusika. Halafu anapapasa kwa hatua nne ambazo daktari Mjerumani Christian Gerhard Leopold alizipanga mwishoni mwa karne ya 19. Kwanza juu ya mfuko wa uzazi: je, kilichokaa huko ni kitako laini au kichwa kigumu kinachochezacheza kati ya vidole? Kisha pembeni, mkono mmoja ukitulia na mwingine ukitafuta. Upande mmoja utakuta ukuta mrefu, laini, uliopinda kidogo. Huo ndio mgongo. Upande wa pili utakuta vinundu vinavyokwepa, magoti na viwiko, na pengine utapigwa teke. Kisha chini, kukitambua kilichotangulia. Mwisho anageuka kuelekea miguu ya mama na kupima kichwa kimeshuka kiasi gani kwenye nyonga, kwa vidole vitano, vidole vinne, vitatu.

Hakuna kompyuta iliyokuonyesha chochote, lakini sasa mtoto unamjua: amelala wapi, ameelekea wapi, ameinama au ameinua kidevu. Mara ya kwanza mgongo ulipojitokeza chini ya vidole vyangu baada ya majuma ya kupapasa na kuona tumbo tu, nilitaka kumwita kila mtu aliyekuwa wodini aje ashike.

Baada ya hapo ndipo pembe inatolewa mfukoni. Inawekwa juu ya mgongo wa mtoto, karibu na bega, kwa sababu hapo sauti hupita vizuri zaidi. Mkunga anainama, sikio linaibana pembe, uso umeelekea miguuni pa mama, na mkono unaachia. Hili la kuachia mkono huwasumbua wanaoanza. Wanataka kuishikilia pembe isianguke, na mkwaruzo wa vidole unaifunika sauti. Pembe inashikwa na sikio peke yake. Mkono ulioachwa huru unakwenda kwenye kifundo cha mkono wa mama kutafuta mpigo wake, usije ukahesabu moyo wa mama ukadhani ni wa mtoto.

Mwanzoni husikii kitu. Baadaye unasikia mengi kupita kiasi: tumbo linaunguruma, kitanda cha jirani kinagongwa, na damu ya mama inavuma ndani ya mfuko wa uzazi kwa mwendo ule ule unaoushika kifundoni. Lazima upite katikati ya hayo yote. Kisha, mbali, unausikia mdundo maradufu, mwepesi, wa haraka, kama saa iliyofunikwa na mto. Ukishausikia hauwezi kukupotea tena. Unaitazama saa iliyobandikwa kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili anayeivaa aisome, na unahesabu dakika nzima. Mapigo yakiwa kati ya 110 na 160 moyo wako nao unatulia. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne ni njia ya mkato ambayo wakunga wazuri huikataa, kwa sababu moyo unaweza kulegea mwishoni mwa uchungu na kurudi, na kulegea huko ndiko unakokutafuta.

Dakika hiyo ndiyo ninayoisifu. Mwanafunzi wa afya huishi akiwa amegawanyika. Akiwa darasani anawaza wodi, akiwa wodini anawaza mtihani, akiwa kitandani anawaza karo. Lakini huwezi kuhesabu moyo wa mtoto huku ukiwaza karo. Wazo moja likiingia umepoteza hesabu, unaanza upya. Kazi yenyewe inakudai mzima, na kwa sekunde sitini-sitini za namna hiyo, zilizotawanyika ndani ya zamu ndefu, mtu anakusanyika tena. Sijui mapumziko yaliyowahi kunipumzisha hivyo.

Njia iliyotufikishia sauti hii ni ndefu. Mwaka 1816, huko Paris, René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa bila kuweka sikio kwenye ngozi, na hapo stethoskopu ikazaliwa. Miaka miwili baadaye François Mayor wa Geneva alitangaza kwamba alikuwa ameusikia moyo wa mtoto kwa kuegesha sikio tupu kwenye tumbo la mama. Lakini anayenigusa zaidi ni Jean-Alexandre de Kergaradec. Mnamo 1821 aliichukua stethoskopu ya Laennec akaiweka juu ya tumbo la mjamzito akitumaini kuyasikia maji yakichapwa na mtoto anapojigeuza. Hakuyasikia maji. Alisikia mdundo wa haraka, akahesabu, akaulinganisha na mpigo wa mama, akakuta ni vitu viwili tofauti. Kila mwanafunzi anayeinama Embu leo anaupitia uvumbuzi ule ule upya, na mshangao wake hauwi mdogo kwa sababu eti mtu mwingine alitangulia.

Sauti ikishahesabiwa huandikwa. Na hapa Afrika ina fungu lake, ambalo halisemwi vya kutosha darasani. Chati ya partografu, ile ambayo wakunga wa nchi nyingi waliitumia kwa miongo kadhaa kufuatilia uchungu, ilipata mistari yake miwili mashuhuri Rhodesia, katika mji unaoitwa Harare leo. R. H. Philpott na W. M. Castle waliichapisha kazi hiyo mwaka 1972. Tatizo lao lilikuwa letu kabisa: wakunga walikuwa katika zahanati za mbali, madaktari walikuwa katika hospitali kuu, na hakuna aliyejua ni saa ngapi hasa mama apelekwe. Wakachora mstari wa tahadhari, na mstari wa kuchukua hatua saa nne kulia kwake. Mkunga akiweka nukta zake kwa uaminifu, karatasi inamwambia wakati wa kuita gari. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu tangu 2020, na mistari imebadilishwa, lakini nukta za moyo wa mtoto bado zinawekwa kila nusu saa na mtu aliyeinama akasikiliza.

Nukta hizo zina uzito katika Kaunti ya Embu. Hospitali ya Embu hupokea akina mama kutoka Siakago, Ishiara na Kiritiri kule Mbeere, ambako jua ni kali na mwendo ni mrefu, na kutoka Kianjokoma na Runyenjes upande wa majani chai na kahawa. Baada ya serikali kutangaza, tarehe 1 Juni 2013, kwamba kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bure, wengi zaidi walikuja. Mwanafunzi anaweza kupokea mama aliyefika na barua na chati mkononi, na katika mwandiko wa mkunga asiyemfahamu akasoma usiku mzima: hapa moyo ulikuwa 140, hapa 136, hapa 112, hapa aliamua. Anaendeleza mstari kutoka pale mwenzake alipoishia. Nimeona wanafunzi wakiupenda mwandiko wa mtu ambaye hawatamwona kamwe.

Kuna pia siku ambayo sauti haipo. Unabadilisha mahali, unapapasa tena, unabana sikio zaidi, unamwita aliyekuzidi, naye anainama, anainuka, analeta mashine. Mama anajua kabla hamjasema. Ameusoma uso wako. Siwezi kuitaja siku hiyo ndani ya insha ya furaha bila kusita, lakini kuiacha nje kungekuwa kumnyima mama huyo heshima yake. Mkunga mmoja mtu mzima alinifundisha kutoondoka upesi. Alikaa kitandani, akamshika mama mkono, akamwambia ukweli kwa maneno machache, akanyamaza naye. Kisha akaendelea kumhudumia kwa utaratibu ule ule, mikono yenye joto, ruhusa ikiombwa, shuka ikivutwa vizuri. Kujua kusikiliza ndiko kulikomwezesha kukaa pale. Usiku huo nilirudi Dallas nikanyamaza, na wenzangu chumbani, ambao nao walikuwa wanafunzi, hawakuniuliza. Mmoja alinipakulia githeri, mwingine akanitekea maji ya kuoga.

Watu huuliza, sasa kuna mashine za dopla, pembe ni ya nini? Dopla ni nzuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba mama naye anasikia. Lakini sauti inayotoka kwenye spika yake imetengenezwa na mashine kutokana na mwendo wa moyo. Katika pembe unausikia moyo wenyewe. Na mashine haikulazimishi kujua mgongo uko wapi. Unaweza kuisogezasogeza hadi ilie. Anayeanza na pembe hulazimika kumfahamu mtoto kwa mikono kwanza, na ufahamu huo haukatiki stima ikipotea wala mafuta ya jeli yakiisha. Laiti ningekuwa na sauti katika mitaala, kila mwanafunzi angeanzia hapo, na angepewa muda wa kutosha bila mtu wa kumharakisha.

Kujifunza kwenyewe hakukuishia wodini. Jioni, Dallas, baada ya chapati na ndengu za kibandani, tulikuwa tukichukua mto wa kulalia, tunafungua foronya na kupachika ndani mpira wa watoto kwa kichwa na sweta iliyokunjwa kwa mgongo. Mmoja anaupanga, wengine wanafumba macho na kupapasa. Kichwa kiko juu au chini? Mgongo kushoto au kulia? Aliyekosea ndiye aliyekwenda kuchota maji kesho yake. Tulibishana kwa sauti hadi jirani mwenye bodaboda akabisha kutaka kujua kuna nini. Tulipomweleza, alivua jaketi, akanawa mikono kama tulivyomwagiza, akapiga magoti sakafuni, akapapasa mto ule kwa makini sana huku mkewe akimtazama kutoka mlangoni. Akatangaza kwamba mtoto amekaa kitako. Alikuwa sahihi, na mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, akamwambia basi kliniki ijayo waende wote wawili ili naye aombe kusikiliza.