Vyuma Baada ya Miaka 45: Kikundi Kipangwe Vipi?

Alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, barabara nyingi za Dar es Salaam huwa mali ya klabu za jogingi: fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo wa mchakamchaka, wengine wanaitikia. Zanzibar huiadhimisha Januari 1 kama Siku ya Mazoezi Kitaifa. Kigali imekuwa ikitenga siku za kufunga barabara kwa magari tangu 2016 ili watu watembee na kukimbia, na mwaka huohuo Tanzania ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Haya ni mafanikio ya kweli na sitaki kuyapunguza. Lakini karibu yote ni mazoezi ya miguu na mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka jambo la pili na unalihesabu peke yake: kila mtu mzima aimarishe misuli yake mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Hapo ndipo watu wa makamo wanapopungua. Jimu za mitaani zimejaa vijana. Mtu wa miaka 50 huingia, hudumu wiki chache, kisha haonekani tena. Kwa kawaida tunasema umri umemshinda. Nadhani tunakosea. Ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba mwili wake ungekubali. Kilichoshindikana ni jinsi miezi yake ya kwanza ilivyopangwa, na hasa alipangwa pamoja na nani.

Tuanze na mwili. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani Irwin Rosenberg alipendekeza neno sakopenia, yaani upungufu wa nyama ya mwili unaokuja na umri. Makadirio ya kawaida ni kwamba baada ya miaka 30 mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na kasi huongezeka uzeeni. Wa kwanza kupotea ni uzi wa misuli wa nguvu za ghafla, ule unaomdaka mtu anapojikwaa kwenye ngazi. Je, hali hiyo hurekebishika? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha jaribio dogo lililofanyika katika makao ya wazee mjini Boston. Walichukua wazee dhaifu 10 wenye wastani wa miaka 90 na kuwapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na kasi yao ya kutembea hatua za kufuatana ilipanda kwa asilimia 48. Jaribio hilo lina matokeo mengine yasiyotajwa sana, nayo ndiyo msingi wa hoja yangu: wazee hao walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, walipoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Misuli hujibu upesi na husahau upesi. Kwa hiyo swali la kama mtu wa makamo anaweza kupata nguvu lina jibu tayari. Swali lililobaki ni nini kitamfanya awepo bado mwezi wa sita.

Mfano bora ninaoujua wa kazi hii kufanywa kwa utaratibu ni jaribio la LIFTMOR la Chuo Kikuu cha Griffith nchini Australia, lililochapishwa katika jarida la utafiti wa mifupa mwaka 2018. Washiriki walikuwa wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wastani wa umri miaka 65, wote wakiwa na mifupa iliyopungua uzito. Hawa ndio watu ambao kwa miaka mingi waliambiwa wasibebe kitu kizito wasije wakavunjika. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, chini ya macho ya msimamizi. Mazoezi yalikuwa manne tu: kuinua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma juu ya kichwa, na kurukia baa ya juu kisha kutua kwa kishindo. Yale matatu ya kwanza yalifanywa kwa seti 5 za marudio 5, kwa uzito unaozidi asilimia 85 ya kiwango cha juu ambacho mtu angeweza kukiinua mara moja. Kundi la pili halikukaa bure: lilifanya mazoezi mepesi nyumbani, kutembea kidogo, kujinyoosha, na vyuma vya mkononi visivyozidi kilo 3. Mwishoni, mifupa ya kiuno ya kundi la vyuma vizito ilikuwa imeongezeka msongamano kwa asilimia 2.9, na ya kundi la mazoezi mepesi imepungua kwa asilimia 1.2. Katika kundi zito aliyeumia alikuwa mmoja, kwa kubanwa kidogo na misuli ya mgongo.

Msomaji mwenye haraka atatoka hapo na neno moja: uzito. Mimi namwomba arudi kwenye mwezi wa kwanza. Washiriki hawakuanza na asilimia 85. Mwezi huo mzima ulitumika kujifunza miondoko kwa uzito wa mwili wenyewe na mizigo myepesi, na chuma kizito kilifuata baadaye. Mpango huo una sababu ya kimwili. Katika wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla misuli haijakua, kwa kuwa neva ndizo zinazojifunza kuita uzi mwingi zaidi wa misuli kwa wakati mmoja. Kano, zinazofunga misuli kwenye mfupa, huchelewa kuimarika. Mtu wa makamo anayeanza kwa pupa hujikuta wiki ya tatu ana neva zilizokwisha kuchangamka na kano ambazo bado ni za jana. Anaongeza kilo kwa sababu anaweza, bega linauma, naye anahitimisha kwamba vyuma si vya umri wake. Kanuni ya kuongeza uzito hatua kwa hatua si ngeni. Daktari Thomas DeLorme aliiandika mwaka 1945 baada ya kuitumia kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa. Haina siri yoyote, ila inahitaji mtu mwenye subira na mwingine wa kumzuia asiikiuke. Huyo wa kumzuia ndiye anayetupeleka kwenye suala la vizazi.

Wakanada walilipima suala hilo moja kwa moja. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, Mark Beauchamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwagawanya wazee 627 katika madarasa ya mazoezi ya aina tatu: ya wenye umri unaokaribiana na jinsia moja, ya wenye umri unaokaribiana lakini jinsia zote, na ya watu wa umri wowote. Waliopangwa na wenzao wa umri walihudhuria zaidi, wawe na jinsia moja au mchanganyiko, kuliko waliochanganywa na vijana. Washiriki walikuwa wazee wa Kanada, si watu wa miaka 50 wa Mwananyamala au Kisauni, kwa hiyo sidai kwamba matokeo yanahamishika yalivyo. Lakini yanatulazimisha kuiacha dhana tamu kwamba ukiwaweka vijana na wazee chumba kimoja, kila mmoja ataambukizwa ari ya mwenzake.

Kwetu tofauti hiyo ina umbo lake, na wenye jimu wangefanya vyema kulijua. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, umbali kati ya vizazi hauongezeki kadiri miaka inavyoongezeka. Babu na mjukuu wana utani. Wanaweza kuchekana, kuambiana ukweli, hata kuitana mume na mke. Mzazi na mtoto ndio wenye mipaka ya heshima. Mtu wa miaka 50 akiingia jimu na kukuta kocha wa miaka 25, wamekutana katika uhusiano huo mgumu kuliko yote. Kijana anaamkia shikamoo, na baada ya dakika tano anatakiwa kusema: mama, mgongo umepinda, shusha chuma, rudia. Wengi hawasemi. Wanasifu kisichostahili sifa, au wanampunguzia uzito moja kwa moja hadi mazoezi yanageuka yale ya kilo 3 ambayo kule Australia hayakuzuia mifupa kupungua. Naye mkubwa, akirekebishwa mbele ya vijana wengine, huona amevuliwa nguo. Kwenye jogingi hali hii haitokei, kwa sababu wimbo huwapa wote mwendo mmoja na aliye dhaifu hujificha katikati ya safu. Chuma hakimfichi mtu. Kilo zilizo mwishoni mwa baa husomwa na kila aliyepo.

Ndiyo maana nashauri marika yafanye mazoezi pamoja na rika, na usimamizi utafutiwe utaratibu wake. Wazo hili lina mizizi hapahapa. Kwa Wamaasai, wazee wanaowalea morani hawatoki katika rika lililo juu yao moja kwa moja, hutoka katika la pili yake; rika linalopakana nao lingekuwa na ushindani mwingi mno. Kwa jimu, maana yake si kwamba kocha lazima awe na miaka 75. Maana yake ni kutambua kwamba ukali wa kusahihisha unahitaji kupewa njia isiyovunja heshima. Njia ya kwanza ni kutangaza siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba ndani ya saa hiyo kocha ndiye fundi na neno lake juu ya mwondoko halina mkubwa wala mdogo. Sisi sote tumezoea kumtii fundi mwenye umri mdogo anapotushonea nguo. Ya pili ni daftari. Kila mmoja aandike tarehe, zoezi, kilo na marudio, na kanuni iandikwe ukurasa wa kwanza: uzito hauongezwi mpaka marudio yote yatimie kwa mwondoko safi mara mbili mfululizo. Kijana akionyesha ukurasa badala ya kunyoosha kidole, aliyekataza ni daftari. Ya tatu ni kuwaachia wenzake wa rika wamtanie. Mwenzako wa umri akikwambia unadanganya kuchuchumaa, utacheka na kushuka zaidi.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza: wanawake wetu hubeba ndoo, kuni na watoto, wanalima kwa jembe, nguvu gani tena? Kazi hizo hujenga mwili, sikatai. Lakini mwili hujirekebisha kwa mzigo unaopanda, ukifuatwa na mapumziko. Ndoo ya leo ni ileile ya miaka ishirini iliyopita, na hakuna siku ya kupumzika iliyopangwa kwa ajili yake. Mzigo usiopanda hulinda kilichopo kwa muda. Mzigo usio na mapumziko huchosha mgongo. Na maelfu ya watu wa makamo mijini hawabebi chochote tena: wamekaa ofisini, dukani, au nyuma ya usukani.

Pingamizi la pili ni hatari, nalo nalichukua kwa uzito. Watu wengi wa umri huu wana shinikizo la damu bila kujua, na kubana pumzi wakati wa kunyanyua hulipandisha ghafla. LIFTMOR haikupokea kila aliyejitokeza. Wenye maradhi ya moyo yasiyodhibitiwa waliachwa nje, na walionyanyua vyuma vizito walisimamiwa kila kipindi. Sisi nasi tupime presha kabla ya siku ya kwanza, tufundishe kutoa pumzi wakati wa kusukuma, na mwenye ugonjwa apate neno la daktari wake. Lakini udhaifu nao ni hatari. Utafiti wa PURE, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watu karibu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe ikiwemo, ulikuta kwamba kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu za kiganja uliendana na ongezeko la asilimia 16 la vifo. Hilo halithibitishi kwamba udhaifu ndio uliowaua. Linatosha kuonyesha kwamba kukaa bila kubeba kitu si njia salama tunayoidhania.

Wengine watasema vifaa ni ghali. Kwa mwezi wa kwanza, ule wa kujifunza miondoko, vifaa vipo jikoni. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni mzani kamili: anza na lita 5, ongeza lita moja moja, andika. Sitamdanganya msomaji kwamba dumu litamfikisha alikofika mwanamke wa LIFTMOR; baada ya miezi michache atahitaji baa na vyuma. Lakini atafika jimu akiwa tayari anajua kuchuchumaa, na hilo litamwondolea nusu ya aibu.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mwisho: je, kutenga marika hakuzidishi ufa ambao tayari simu na lugha za vijana zimeupanua? Ningekubali kama utengano ungekuwa wa maisha yote. Mimi nautenga kwa saa moja, mara 2 kwa wiki, ili mtu wa makamo asome mwili wake bila kutazamwa. Klabu ya jogingi inaweza kufanya hivyo bila kuvunja chochote: wote wakimbie pamoja kwa wimbo mmoja, kisha wenye miaka 45 na zaidi wabaki na madumu yao na daftari zao, na kijana mmoja aliyefunzwa vizuri awasimamie. Heshima baina yao itapata kitu cha kusimamia. Kijana atakuwa amemfundisha mkubwa jambo la kweli, na mkubwa atakuwa na ukurasa wa kumwonyesha: Machi lita 5, Agosti kilo 40.