Meza ya Mchomeleaji

Barabara ya Bagamoyo ipitapo Tegeta, chini ya kilima cha Wazo ambako saruji hutengenezwa tangu mwaka 1966, hukosi kuwaona mafundi wa kuchomelea wakiunda mageti, grili na vitanda. Na aghalabu huviunda chini, juu ya mawe na vipande vya tofali, kwa ustadi wa jicho ambao nauhusudu kwa dhati. Hata hivyo naamini ya kuwa fundi, hata yule afanyaye kazi jioni uani kwake, astahili meza, na ya kuwa unyofu wa kazi zake zote huamuliwa siku achaguapo chuma cha meza hiyo. Wahunzi wa Buhaya, ambao nchi yao ilikuwa ikiyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, hawakuweza kufua bila fuawe. Na mchomeleaji wa leo, fuawe yake ni meza.

Kwani chuma hutanuka kipatapo moto na husinyaa kipoapo, na katika kusinyaa huvuta kila kilichoungana nacho. Basi geti lililobanwa juu ya uso uliopinda hutoka limepinda, na mwenye nyumba atalisukuma kwa bega maisha yake yote. Bamba la milimita 3 ni jepesi kwa mfuko na kwa mabega, lakini lenyewe hujikunja kwa joto. Mimi ningechagua la milimita 10, ambalo kipande chake cha mita moja kwa mita moja hukaribia kilo 79. Vijana watanung'unika kulishusha kwenye guta, ila uzito huo ndio fadhila yake, maana hunywa joto bila kutaharuki. Asiyeimudu bei yake na apange vyuma bapa vinene vyenye mianya baina yake, ipitishe klampu.

Wala skrepa si ya kudharauliwa. Sharti tu mnunuzi aweke juu ya bamba rula ndefu iliyonyooka, ainame, atazame: nuru ipenyapo chini ya rula, hapo pana bonde. Kutu ya juu juu, ambayo upepo wa chumvi utokao Kunduchi huileta upesi, huondoka kwa brashi ya waya. Iliyokwisha kula mashimo, aiache dukani. Kipande cha reli asikiguse, kingawa kizuri namna gani, kwa kuwa hicho ni mali ya umma.

Lakini hadhari iliyo kubwa ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500. Hivyo, kabla chuma hakijaungana, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe, na aliyeuvuta huenda usiku akashikwa na homa na kitetemeshi, akadhaniwa ana malaria. Yafaa bomba za miguu ziwe za chuma kitupu.

Uso usipakwe rangi, kwani umeme wa mashine sharti urudi kwa kupitia humo; mafuta kidogo yatosha. Miguu iwekewe bolti za kuinua na kushusha, maana nyua zetu ni za mchanga. Kisha fundi ashikize tu fremu, apime kona kwa kona pande zote mbili, na vipimo visipolingana abandue, aanze upya bila haraka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mwisho atakayoifanya bila meza.